Tusiache Kiswahili kwenye kodi kwa sababu ya herufi mbili

Mhariri,

Salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mi naandika programu za kompyuta, naishi Sinza, kila siku nashinda kwenye kodi (kodi za kompyuta nasema, yale maandishi yanayoiambia kompyuta ifanye nini, siyo za mapato). Naandika barua hii kwa sababu kuna jambo lilitokea kazini likaamuliwa vibaya, na nikiongea na wenzangu wa Mwenge na Kijitonyama nasikia na kwao liliamuliwa hivyo hivyo. Uamuzi wenyewe ni kwamba Kiswahili kitoke kwenye kodi. Mimi nasema hapana na naomba nafasi nieleze kwa nini.

Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa ada za shule. Mzazi anafungua apu kwenye simu anaona ankara ya mwanae, ni shilingi ngapi, mwisho lini, imelipwa au bado. Tulikuwa watu watano tu na tulikubaliana toka mwanzo majina yote ya ndani yawe ya Kiswahili, maana mhasibu alikuwa anakaa na sisi tukipanga mambo na yeye anasema ankara, anasema muhula, anasema salio, sasa kwa nini sisi tugeuze kwenda Kiingereza halafu tukiongea naye tugeuze tena kurudi. Kazi ilienda vizuri sana kwa mtindo huo. Kwenye klasi ya Ankara (klasi ni sehemu ya kodi inayoeleza aina moja ya kitu) dada mmoja mwenzetu akaandika metodi, yani kipande cha kodi chenye jina na kazi yake, inayojibu ndiyo au hapana akaiita isiyolipwa(). Yani unaiuliza ankara, wewe ni ankara isiyolipwa? Inakujibu. Kiswahili kimekaa sawa kabisa, ngeli imekubali, na mhasibu akisoma kwenye skrini anaelewa bila mkalimani.

Apu ikatoka. Muhula ulipoanza kila mzazi aliyefungua simu yake aliona rangi ya kijani na neno IMELIPWA, hata yule ambaye hajatoa senti tano. Sisi hatujui. Siku ya nne akaja mama mmoja anauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kapanda gari mbili kutufuata, mwanae karudishwa getini asubuhi mbele ya wenzake kwamba hajalipa na yeye simu yake inasema kalipa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniwekea simu mezani akasema, "Mwanangu nisomee wewe mwenyewe hapo, pameandikwaje?" Nikasoma. Sikuwa na la kumjibu. Nikamwomba akae, nikafungua kompyuta nione seva, yani kompyuta inayoihudumia apu, inatuma nini kwenye ile simu yake, na hiki ndo nilichokiona:

{"muhula":2,"kiasi":450000,"iyolipwa":true}

Iyolipwa. Kwanza nikadhani ni mtu kakosea kuandika, nikatafuta neno iyolipwa kwenye kodi yetu yote, faili moja moja, halipo popote. Hakuna binadamu aliyeliandika. Limetoka wapi?

Hapa naomba wasomaji wasiokuwa wa fani hii wavumilie kidogo maana ndo penyewe. Kitu kikiwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, mfano hiyo ankara, hakiwezi kusafiri kama kilivyo. Lazima kifungashwe kiwe maandishi, mtindo unaotumika sana ni JSON, kisafiri kwenye mtandao, na upande wa pili kifunguliwe. Kufungasha huko sisi tunaita kuserialaizi. Haufanyi mwenyewe kwa mkono, kuna laibrari, yani kodi zilizokwisha kuandikwa na wengine, zinafanya, na upande wa lugha ya Java iliyozoeleka zaidi ni Jackson, ndo iliyokuwa kwenye seva yetu. Sasa Jackson ikipewa ankara inajuaje kwamba ina kitu kinaitwa kiasi na kitu kinaitwa muhula? Fildi za ndani, yani sehemu zinapowekwa hizo thamani, kwa kawaida tunazifunga, haziguswi kutoka nje, kwa hiyo inaangalia metodi zilizo wazi na inasoma majina yake. Jina likianza na get na metodi haidai kitu chochote ndani ya mabano halafu inarudisha thamani, basi inahesabu hiyo ni propati, yani sifa moja ya kitu hicho, inakata get inabaki na kilichobaki, getKiasi() inakuwa kiasi. Likianza na set na inapokea kitu kimoja, hiyo ni njia ya kuweka. Likianza na is na jibu lake ni ndiyo au hapana, inakata is. Basi. Hakuna mahali popote mwandishi katamka kwamba hii ni propati, laibrari inabahatisha kwa kuangalia herufi za mwanzo wa jina.

Na huu mtindo una historia yake, siyo uzembe wa mtu. Sun Microsystems waliutoa kwenye kanuni za JavaBeans mwaka 1997. Wakati huo walikuwa wanafikiria vile vifaa vya kuchora programu kwa mausi, unaburuta kitufe unakiweka kwenye dirisha, pembeni inatokea orodha ya rangi, upana, maandishi, unabadilisha hapo hapo. Kifaa kile kilihitaji kujua kitufe kina propati gani bila kumlazimisha aliyekitengeneza aandike orodha nyingine pembeni, na Java ya siku zile haikuwa na anotesheni, yani zile lebo unazobandika juu ya metodi, zenyewe zimekuja na Java 5 mwaka 2004. Kwa hiyo wakakubaliana kwenye majina. Kwa wakati wake lilikuwa wazo zuri na limefika mbali, leo hii karibu kila laibrari ya Java inalijua. Ila liliwazwa kwa Kiingereza, na waliowaza hawakuwa na sababu ya kujua kwamba iko lugha ambayo neno zuri la kawaida kabisa linaanza na isi.

Jackson tuliyokuwa nayo, ya toleo la 2, haiulizi kama herufi inayofuata baada ya is ni kubwa au ndogo. Ikaona isiyolipwa(), ikaona jibu ni ndiyo au hapana, ikakata is, ikabaki iyolipwa. Upande wa simu tulikuwa na laibrari nyingine, Gson ya Google, na yenyewe haina habari na metodi kabisa, inasoma fildi moja kwa moja. Ikatafuta isiyolipwa kwenye maandishi yaliyokuja, haikuikuta, na haikulalamika wala kuandika chochote kwenye logi, lile daftari la matukio ya programu, ikaiacha fildi kama ilivyozaliwa, yani hapana. Isiyolipwa? Hapana. Kwa hiyo imelipwa, weka kijani. Na sisi kabla ya kutoa apu tulikuwa tumejaribu na ankara moja tu, tena ankara ambayo kweli ilikuwa imelipwa, ikaonyesha kijani, tukapeana mikono. Hilo la kujaribu upande mmoja tu ni kosa letu na nalikubali lote.

Tulirekebisha jioni ile ile. Mstari mmoja, @JsonProperty("isiyolipwa") juu ya metodi, yani tumeiambia laibrari kwa mdomo wetu wenyewe jina ni hili, acha kubahatisha. Mtoto wa yule mama akarudi darasani kesho yake baada ya shule kupigiwa simu.

Lakini wiki iliyofuata kikaitwa kikao na ikatoka amri, kuanzia leo majina yote kwenye kodi ni Kiingereza, Kiswahili kimetuponza. Ndo hapo nilipoumia na ndo sababu ya barua hii. Kwa sababu Kiingereza chenyewe hakiponi. Andika metodi inaitwa issued(), maana yake imetolewa, ijibu ndiyo au hapana, laibrari ile ile itakata is na kutuma neno sued, ambalo kwa Kiingereza ni kushtakiwa mahakamani. Andika settle(), kulipa deni, ipokee kiasi kimoja, na laibrari itadhani ni njia ya kuweka propati inayoitwa tle. Maneno ya Kiingereza yanayoanza na hizo herufi yako mengi tu. Tatizo liko kwenye kuiachia laibrari ikukatie maneno, uwe unaandika kwa lugha yoyote ile.

Na sisi Waswahili tulitakiwa tuwe wa kwanza kulielewa hili maana ndo tabia ya lugha yetu. Kitabu kimetoka Kiarabu, kitab, ile ki ni mwili wa neno lenyewe, lakini sisi tulivyolisikia tukaona ki ya kisu na kiti, tukaikata tukaweka vi, vitabu. Madereva wa hapa mjini wameifanya kipilefti, neno la Kiingereza la kubaki kushoto, ikawa na wingi wake vipilefti. Hakuna ubaya, ndo lugha zinavyokua, na anayesikia ni binadamu anaelewa. Laibrari imefanya kitu kile kile kwa isiyolipwa, imesikia kiambishi is mahali ambapo hakuna kiambishi hicho. Ila yenyewe haielewi kitu, na upande wa pili wa waya kuna mashine nyingine nayo haielewi kitu, na katikati kuna mzazi.

Nilikaa na hii kitu siku kadhaa nikajaribu maneno yetu nione yapi yanaingia kwenye mtego, na kinachoamua ni ngeli. Ankara isiyolipwa, nyumba isiyokaliwa, mikopo isiyorejeshwa, hizo zote zinaanza na is kwa hiyo zinakatwa. Lakini deni lisilolipwa haliguswi, linaanza na lis, na mkopo usiolipwa hauguswi. Halafu ukisema haliguswi usifurahi, maana yake laibrari haijaiona kabisa hiyo metodi, haitumi chochote, propati inapotea. Yani mtu mmoja anaandika klasi ya Ankara na mwingine klasi ya Deni, wote Kiswahili fasaha, metodi zinafanya kazi ile ile, moja inatoka imekatwa kichwa na nyingine haitoki. Iliyonitisha zaidi ni ishalipwa(), tunavyosema mtaani, ankara ishalipwa. Kata is, inabaki halipwa. Mtu akipitia logi harakaharaka usiku akakuta "halipwa":true atasoma kwamba hajalipa, wakati maana yake ni kwamba ameshalipa, kinyume kabisa. Na ukiwa na mfumo wa maegesho ukaandika geti() irudishe jina la geti gari lilipoingilia, inakata get, propati yako inaitwa i. Herufi moja.

Kuna na majina ya vifupisho ambayo yanasumbua hata ofisi zinazoandika Kiingereza mwanzo mwisho. Mfano unaandika getNIDA() kwa namba ya kitambulisho. Kanuni ya JavaBeans ya 1997 inasema herufi mbili za mwanzo zikiwa kubwa zote basi jina liachwe kama lilivyo, NIDA. Jackson 2 ikiachwa na mipangilio yake ya kawaida inateremsha herufi kubwa zote za mwanzo, inatoa nida. Kwa hiyo mifumo miwili inasoma klasi ile ile na inatoa majina mawili. Fildi ikiitwa mPesa ni balaa zaidi, geta yake (ile metodi ya get) ikiandikwa getMPesa basi JavaBeans inakwambia MPesa, Jackson inakwambia mpesa, na aliyeandika akilini kwake ni mPesa. Majina matatu ya kitu kimoja. Jackson wana swichi ya kuifanya ifuate kanuni ya zamani, lakini lazima ujue kwamba tatizo lipo ndo utaitafuta hiyo swichi. Na kwenye Spring Boot, msingi wa kujengea programu za seva kwa Java ambao ofisi nyingi tunatumia, propati isiyojulikana ikija kwa mipangilio ya kawaida inapuuzwa kimyakimya, kwa hiyo mteja katuma "mPesa" na wewe unasubiri mpesa, unapata tupu na hakuna kelele yoyote.

Hilo la ukimya ndo linalonikera kuliko yote. Programu ikilipuka saa nane mchana mtu anapiga simu, inarekebishwa saa tisa. Ikikosea kimyakimya inaendelea siku nne mpaka mama wa watu afunge duka lake.

Tena kuna la hatari. Kwa kuwa kila geta iliyo wazi inahesabiwa ni propati, mtu akiandika getNenoSiri() kwenye klasi ya Mtumiaji kwa matumizi ya ndani tu, akisahau kuweka @JsonIgnore, lebo ya kusema hii usiitume, neno la siri linasafiri mpaka kwenye simu ya mteja na kwenye logi. Nimewahi kuliona kwa macho yangu kwenye mfumo mmoja, sitasema wa nani. Aliyeandika ile metodi hakuwa na nia ya kutuma chochote, kaipa metodi jina tu.

Na lile la kubadilisha majina. Kwenye kompyuta zetu unabonyeza vitufe viwili unabadilisha getSalio() kuwa getSalioLaMuhula(), kifaa kinakubadilishia kila mahali kwenye kodi ya seva, majaribio yanapita yote, unaenda nyumbani. Lakini simu za wazazi huko Mbagala na Gongo la Mboto zina apu ya mwezi uliopita na bado zinasubiri salio. Kwa nje jina la metodi limeshakuwa mkataba na watu, na kijana aliyebonyeza hakuambiwa na mtu yeyote kwamba anagusa mkataba.

Lugha nyingine zimelichukua jambo hili tofauti. C# propati ni kitu cha lugha yenyewe, unaitamka, hakuna kubahatisha jina la metodi. Go wanaangalia fildi, ikianza na herufi ndogo laibrari yao ya JSON haiioni kabisa, nayo ina wahanga wake hapa mjini. Java yenyewe toka toleo la 16, mwaka 2021, ina rekodi, klasi fupi za kubeba data tu, ambazo hazina get wala set, na Jackson ilishajiandaa kuzisoma tangu toleo la 2.12. Toleo hilo hilo la 2.12 lilileta kitu ambacho wenzangu wengi hawakijui na natamani wakijue. Unaweza kuiambia Jackson viambishi vyako mwenyewe. Kuna kifaa kinaitwa DefaultAccessorNamingStrategy, unaiambia withGetterPrefix("pata") na withSetterPrefix("weka"), na kuanzia hapo pataKiasi() na wekaKiasi() zinatambulika kama kawaida. Unaweza pia kuiambia isikubali jina ambalo herufi inayofuata baada ya kiambishi ni ndogo, na isiyolipwa() haitakatwa tena. Nimeijaribu, inafanya kazi. Yani laibrari yenyewe haina ugomvi na Kiswahili, sisi ndo tulikimbia.

Kwa walimu wa vyuo vyetu, naomba hili lifundishwe mapema, msiishie kumwambia mwanafunzi "tengeneza geta na seta" kana kwamba ni desturi ya usafi. Mwambieni kwamba kuna mashine inasoma yale majina. Mpeni klasi ya Ankara yenye isiyolipwa() aifungashe aone kinachotoka, ni zoezi la dakika kumi. Na kwa wenzangu wa kazini, wekeni faili la mfano wa JSON ndani ya mradi, kila mkijenga mfumo jaribio lilinganishe kinachotoka na lile faili herufi kwa herufi, na mfano uwe na ankara iliyolipwa na ambayo haijalipwa. Sisi tungekuwa nalo lile neno iyolipwa lingeonekana siku limezaliwa.

Nawe Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia mara nyingi ni simu mpya na kamera. Tupeni na nafasi ya mambo kama haya, yanagusa pesa za watu.

Pale ofisini saivi ile metodi inaitwa isOutstanding(). Mhasibu akija akaangalia skrini anauliza hii ndo ipi, tunamwambia, anaitikia, wiki ijayo anauliza tena, na siku hizi haji sana. Wiki iliyopita nimepeleka ombi la maandishi, turudishe majina ya Kiswahili na kila klasi inayotoka nje ya seva iandikwe jina la propati kwa mkono. Nimezipitia mwenyewe, ni klasi 34, nimekadiria siku tatu za kazi na nimesema nitazifanya mimi. Bado nasubiri jibu.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam